Sentensi Niliyoiacha

Mimi hupika bila dania. Wageni wangu hushangaa, maana Nairobi hii mchuzi usio na dania ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu. Huwa nawaambia inanidhuru tumbo. Si kweli. Jirani akikata fungu moja tu la majani yale, harufu ikapenya dirishani, najikuta nimerudi Waithaka, katika chumba chetu cha mabati. Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono ameiweka magotini. Nami nimepiga magoti mbele ya stuli, kalamu mkononi, msichana wa miaka kumi na miwili anayejiona mwerevu kuliko watu wote wa mtaa ule.

Mama alikuwa mtu wa Ukambani aliyeacha shule darasa la pili. Kusoma alijua kidogo, maneno ya mabango na majina ya vituo. Kuandika, alijua jina lake tu, Ndunge, na hata hilo alilichora zaidi ya kuliandika, ulimi ukichungulia pembeni mwa midomo. Kila asubuhi alitembea kwa miguu kutoka Waithaka, akapitia Kawangware, hadi Muthangari, kwenye nyumba ya familia moja ya Wahindi waliokuwa na duka la vitambaa mjini. Wapishi na wafagiaji walikuwapo wengine. Kazi ya mama ilikuwa moja tu: kumtunza Ba.

Ba ndiye aliyekuwa mama wa mwenye nyumba, na kila mtu pale, hata askari wa getini, alimwita hivyo. Alikuwa ajuza mdogo, mwepesi kama kuku wa mayai, mwenye harufu ya kafuri na mafuta ya nazi. Wakati wa likizo mama alinichukua pamoja naye, nami nikakaa kwenye baraza la nyuma nikiwatazama. Mama alimchana Ba nywele, akamsuka kijimkia kimoja chembamba cheupe, akamkata kucha. Walikula njugu pamoja kutoka sahani moja. Ba hakuwa na meno ya kutosha, kwa hiyo mama alizipondaponda zake kwanza.

"Mwende, kula," Ba alikuwa akiniambia. "Mtoto nyembamba kama sindano. Ndunge, wewe napeana chakula kwa huyu kweli?"

"Anakula, Ba. Ni vile anakula akisoma. Chakula inapotelea kwa kitabu."

Mke wa mwenye nyumba ndiye mama aliyemwita Madam. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka siku zote, funguo mkononi. Hakuwa mbaya. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nilimfanya mbaya ili nipate nafuu. Nilichokiona mimi, hata nikiwa mtoto, ni kwamba aliwaogopa wifi zake. Walikuja kila Jumapili kumwona mama yao, wakapitisha vidole juu ya makabati, wakafungua friji, wakanusa maziwa.

Shule ndiyo iliyokuwa imenipandisha kichwa. Tulikuwa wanafunzi wa ile miaka elimu ya msingi ilipofanywa ya bure, tukajaa madarasani kama mahindi gunzini, wanne dawati moja, na bado mimi nilikuwa naonekana. Nilionekana kwa sababu ya Kiswahili, na aliyeniona alikuwa Mwalimu Barasa.

Mwalimu Barasa alikuwa mrefu, koti la kijivu, chaki nyuma ya sikio kama fundi seremala. Muhula ule alitufundisha barua rasmi. Alichora ubaoni kisanduku upande wa kulia: hapa anwani yako. Chini yake, tarehe. Kisanduku upande wa kushoto: anwani ya unayemwandikia. Kisha maamkio, kisha MINT, yaani mintarafu, kichwa cha barua. Mimi kwa mwezi mzima niliamini kuwa ile MINT ni peremende. Nilidhani wakubwa, kabla ya kusomewa jambo zito, hutiwa kitu kitamu mdomoni, na nikaona ni adabu nzuri sana.

"Insha ya kawaida ni ya kupendeza," mwalimu alisema. "Barua ni ya kufanya kazi. Ukiomba kazi, upate kazi. Ukilalamika, bomba litengenezwe. Ukiomba msamaha, usamehewe. Kama haifanyi kazi, umeharibu karatasi."

Siku aliyofundisha barua ya kuomba msamaha alisimama kwenye mlango, nusu yake darasani, nusu nje, akasema sentensi niliyoinakili neno kwa neno:

"Barua ya msamaha ina mafiga matatu: kosa, majuto, ahadi. Ukileta figa la nne, sufuria inapinduka. Na hilo la nne linaitwa kisingizio."

Akamwita Otieno asome yake. Otieno alikuwa amemwandikia mwalimu mkuu kuomba radhi kwa kuchelewa: mvua ilinyesha, njia ikawa matope, kiatu kikabaki huko. Mwalimu akaichukua, akapiga mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe.

"Nimekuuliza habari ya mvua?"

"Hapana, mwalimu."

"Mvua ndiyo inaomba msamaha?"

Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka hadi machozi, nikaapa moyoni kwamba kalamu yangu haitaandika kisingizio hata siku moja.

Wiki ileile, Alhamisi, nilirudi kutoka shuleni nikamkuta mama yuko nyumbani. Haikuwa kawaida. Alikuwa ameketi na viatu vya kazini miguuni, mkoba bado begani, na sketi yake ilikuwa imelowa upande mmoja.

"Ba ameanguka," aliniambia.

Alinieleza bila kunitazama, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Wageni walikuwa wanatarajiwa jioni. Madam akamwambia akimbie Kawangware sokoni alete dania, ile ya nyumbani ilikuwa imenyauka. Mama akasema, lakini Ba? Maana sheria ya nyumba ile ilikuwa moja: Ba haachwi peke yake. Madam akasema, mimi niko, wewe enda. Mama akaenda. Aliporudi, mlango wa bafu ulikuwa wazi na maji yanatiririka. Ba alikuwa sakafuni, mguu umepindika vibaya, akiita "Ndunge, Ndunge" kwa sauti ndogo. Madam alikuwa chumbani kwake ghorofa ya juu, mlango umefungwa, akizungumza kwa simu. Hakusikia kitu. Mama ndiye aliyemnyanyua Ba, na ndiye aliyepiga ukemi.

Wakampeleka hospitali. Nyonga ilikuwa imevunjika. Mama alirudi nyumbani na fungu la dania ndani ya mkoba, alikuwa amesahau kulitoa. Chumba chote kilinuka.

Kesho yake, Ijumaa, alikwenda kazini akarudi saa kumi akiwa na ujumbe.

"Madam anasema mzee wake amekasirika sana, na dada zake pia. Anasema niandike barua. Nieleze, niombe msamaha, mzee asome, mambo yaishe." Akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama, kama mtu aliye chini anayemtazama aliye juu ya mti. "Wewe unajua barua, Mwende."

Sijawahi, tangu siku hiyo, kuhisi furaha ya aina ile. Wenzangu wote waliandikia watu wa kubuni, na mimi nilikuwa na barua ya kweli, yenye mtu wa kweli upande wa kushoto. Nilirarua karatasi mbili katikati ya daftari, pale ambapo hazionyeshi pengo. Nikachora visanduku vyangu. Nikaandika MINT: KUOMBA MSAMAHA, nikapigia mstari kwa rula.

Mama alizungumza, mimi nikaandika. Lakini sikuandika alichosema.

"Sema nilitumwa dania," alisema.

"Mama, hiyo haiandikwi."

"Kwa nini haiandikwi na ni ukweli?"

"Hiyo ni kisingizio. Mwalimu anasema ukiweka kisingizio barua inaharibika. Watu wakubwa hawapendi. Unakubali kosa, unajuta, unaahidi. Basi. Halafu wanasamehe."

Nje jirani alikuwa anapasua kuni. Kisha akasema tena, polepole, "Lakini Mwende, mimi nilitumwa. Andika tu hapo kidogo, hata kama ni mwisho."

"Mama! Unataka nipigwe mstari mwekundu?"

Ndivyo nilivyomjibu. Na mama, ambaye hakuogopa mbwa wala askari wa jiji, aliogopa shule. Alidhani shule inajua. Alinyanyua mikono kidogo, akairudisha magotini.

Niliandika: Mimi, Ndunge, nakiri kosa langu la kumwacha Ba peke yake siku ya Alhamisi. Kosa hili limetokana na uzembe wangu mwenyewe. Moyo wangu umejaa simanzi kama mtungi uliojaa maji pomoni. Naahidi kwamba sitarudia tena.

Neno uzembe mwalimu alikuwa ametupa wiki iliyotangulia katika orodha ya msamiati. Nilikuwa nikitafuta mahali pa kulitia. Nilimsomea mama barua yote kwa sauti ya redio.

"Uzembe ni nini?" aliuliza.

"Ni kama... kutokuwa makini. Ni neno la barua."

Akashika kalamu, akachora jina lake chini ya Wako mwaminifu. Ulimi ukatoka pembeni mwa midomo. Ilichukua muda.

Jumamosi tuliipeleka pamoja. Mama alitaka nivae sare ya shule, ili waone. Madam alitupokea mlango wa jikoni, akaisoma akiwa amesimama karibu na sinki. Alizaliwa Nairobi, Kiswahili cha kusoma alikijua vizuri. Nilimtazama uso, nikingoja afike kwenye mtungi uliojaa maji. Lakini alisimama kwenye mstari wa pili. Akaurudia. Kisha akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Nikadhani ni Kiswahili changu kilichomgusa.

"Nani ameandika hii?"

"Ni huyu mtoto wangu, Madam," mama alisema, na mimi nikasikia fahari katika sauti yake.

"Umeandika vizuri sana. Kiswahili yako ni safi." Akafungua kabati, akanipa kipande cha kitamutamu cha njano kwenye karatasi. Alipokuwa akinipa hakunitazama machoni. Hilo nalo nililielewa visivyo: nilifikiri ana haya kwa sababu tumemshinda kwa wema.

"Ba anaendeleaje?" mama aliuliza.

"Watamfanyia upasuaji. Wewe kuja Jumatatu."

Jumatatu mama alikwenda. Askari wa getini, mtu aliyekuwa akinywa naye chai kila siku, hakufungua. Alipitisha mfuko wa plastiki katikati ya vyuma. Ndani yake mlikuwa na leso ya mama, ndara zake na kikombe chake. Juu yake barua fupi ya kumwachisha kazi, iliyopigwa chapa, ikisema amefutwa kwa uzembe aliokiri mwenyewe kwa maandishi.

"Samahani, Mama Mwende," askari alisema. "Nimeambiwa hata usingoje hapo nje."

Mimi sikujua. Nilikuwa shuleni, ambako mwalimu alikuwa ametupa zoezi la barua ya msamaha, nami, kwa kuwa nilikuwa nayo tayari kichwani, niliandika ileile na kuipeleka. Siku iliyofuata, mama akiwa bado hajaniambia kitu, Mwalimu Barasa aliisoma mbele ya darasa. Alama thelathini na tisa kwa arobaini. Alisema moja ameikata kwa sababu aliye mkamilifu ni Mungu peke yake. "Tazameni," alisema, "hakuna mvua hapa. Hakuna kiatu kilichobaki matopeni. Mtu amesimama akasema: kosa ni langu." Kisha akaibandika ukutani nyuma ya darasa, karibu na dirisha.

Nilikwenda nyumbani nikikimbia kumwambia mama kuhusu thelathini na tisa. Nilimkuta anafua. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha ule mfuko na ile barua. Niliisoma mara tatu. Nilikuwa naelewa kila neno.

Jumatano nilibaki darasani wenzangu walipotoka.

"Mwalimu, naomba barua yangu itolewe ukutani."

"Kwa nini? Ndiyo bora kuliko zote."

"Mama amefutwa kazi."

"Pole sana. Lakini barua imefanya nini?"

"Ndiyo hiyo barua, mwalimu. Aliipeleka."

Aliitoa chaki nyuma ya sikio, akaitazama, akaiweka mezani. Akaenda ukutani, akaisoma upya kana kwamba haikuwa imepita mikononi mwake.

"Kwa nini hukuniambia ni ya kweli?"

"Ulisema barua ni ya kufanya kazi."

Aliketi kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakagonga ubao. Akaniuliza ilivyokuwa hasa. Nilipofika kwenye dania aliziba mdomo kwa kiganja. Siku hiyohiyo aliandika kwa mkono wake barua ndefu, yenye Madam ndani, simu ndani, kutumwa ndani, mama akaitia sahihi. Alituelekeza ofisi moja mjini wanakopeleka malalamiko ya kazi.

Tulikwenda Ijumaa. Ghorofa ya nne, lifti imekufa, ngazi zinanuka mkojo na wino. Tulingoja kwenye benchi hadi saa nane. Karani aliyetuhudumia alikuwa mzee mwenye miwani, mpole, mwenye kikohozi. Upande wa pili ulikuwa umekwisha kuleta karatasi zao. Aliweka barua mbili mezani, ya mwalimu na yangu, sambamba.

"Mama, hii ya leo inasema ulitumwa. Na hii ya kwanza, ambayo pia ni sahihi yako, inasema ni uzembe wako. Uzembe ni neno zito, mama. Nani alikulazimisha uliandike?"

"Hakuna."

"Walikuandikia wao?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini hukusema ulitumwa?"

Nilikuwa nimeketi kando yake. Mwandiko wangu ulikuwa mbele yetu sote, mstari wa rula, herufi za duara. Nilichohitaji kusema kilikuwa kifupi: ni mimi, yeye alitaka kusema, nikamkataza. Nilimngoja mama aseme. Hakusema. Hata kunitazama hakunitazama, maana angenitazama karani angejua.

"Nilisahau," alisema.

Karani alivua miwani, akajifuta macho. Alisema atajaribu, ila yeye angekuwa mahali pa mama asingeweka tumaini. Tukashuka ngazi zote nne. Tulipofika River Road, katikati ya kelele za wauza kandambili na mikokoteni, mama alisimama.

"Nilikuambia mara mbili, Mwende," alisema. "Mara mbili."

Akaendelea kutembea. Hakulirudia jambo hilo tena maisha yake yote.

Kazi nyingine ya nyumba hakuipata, kwa kuwa kila aliyemhoji aliuliza alikotoka na kwa nini alitoka. Akawa mfuaji, leo kwa huyu, kesho kwa yule, vidole vikapasuka kwa sabuni. Kutoka kwa askari wa Muthangari tulisikia kwamba Ba alirudi kutoka hospitali akawa wa kitandani, na kwamba alikuwa akimuulizia Ndunge asubuhi na jioni. Wakamwambia Ndunge ameenda kwao, kazi ameiacha mwenyewe. Baadaye askari akasema Ba ameacha kuuliza. Hakutuambia ni lini alifariki, tulikuja kusikia yakiwa yamepita.

Mwalimu Barasa alinitendea wema hadi nilipomaliza darasa la nane, wema wa mtu anayekwepa macho yako. Lakini mwaka mmoja baada ya barua ile nilipita nje ya darasa la tano na dirisha liko wazi, nikamsikia: mafiga matatu, watoto, kosa, majuto, ahadi. Nilisimama nikingoja aongeze kitu. Hakuongeza. Ndivyo silabasi ilivyosema, na mtihani ulikuwa unakuja. Leo mimi mwenyewe nafundisha Kiswahili shule ya msingi kule Mountain View, nami nalijua shinikizo hilo, na bado sijamsamehe. Wala yeye si wa kwanza katika orodha yangu.

Mama alijiandikisha ngumbaru, masomo ya watu wazima, kanisani Jumamosi alasiri. Nilijitolea kumfundisha mimi, akasema mwalimu wao anatosha. Barua zikija kutoka kijijini alizisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, hata zikichukua siku mbili. Zikimshinda alimpelekea jirani. Mimi nikiwa nimeketi palepale, nikipeleka mkono, alikunja karatasi taratibu na kuuliza kama nimekula.

Mwaka jana alilazwa, figo. Walitaka kumfanyia upasuaji, na nesi mmoja, msichana mdogo wa kama miaka ishirini na tatu, akaleta fomu ya kukubali. Akamwachia, akaenda kitanda cha pili. Mama alivaa miwani. Alianza kusoma, midomo ikitikisika, akafika mstari wa tatu, macho yakachoka.

"Lete nikusomee, mama," nilimwambia.

Aliiweka fomu kifuani, akaifunika kwa viganja vyote viwili.

"Wacha," alisema kwa upole. "Nesi anarudi."

Nikangoja naye. Nesi aliporudi mama alimpa ile karatasi, akamwomba asome yote, asiruke. Yule binti alisoma. Mara mbili mama alimsimamisha: hapo wamesemaje, rudia. Alipomaliza, mama akashika kalamu, akaandika jina lake vizuri, kwa herufi za kuunganisha.

"Asante, mwanangu," akamwambia.